Mwezi na Nyota: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila watu wanapokaa nje usiku na kuangalia juu. Majibu yanafuata anga ya Afrika Mashariki, si ya Ulaya ambako michoro mingi ya vitabu vya shule ilitoka. Saa zilizotajwa ni za hapa, kwa hesabu ya Kiswahili.

## Mambo ya msingi

Mwezi nao ni nyota?

Hapana. Nyota ni jua: tufe kubwa la gesi ya moto linalozalisha mwanga wake lenyewe, kwa kuunganisha viini vya hidrojeni kuwa heli katikati yake. Jua letu la mchana ni nyota mojawapo, tena ya kawaida tu. Mwezi ni mwamba baridi unaoizunguka Dunia na hauna mwanga wa kwake.

Tofauti ya pili ni umbali, na hii ndiyo ya kushika kichwani kabla ya kuendelea. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa. Mwanga wake hutufikia kwa sekunde 1.3. Mwanga wa Jua huchukua dakika 8 na sekunde 20. Ule wa Proxima Centauri, nyota iliyo jirani yetu kuliko zote baada ya Jua, huchukua zaidi ya miaka 4. Karibu kila kitu kinachoulizwa hapa chini kinaelezeka kwa mambo haya mawili: mwanga wa kuazima, na umbali.

Kama mwezi hauna moto, mbona unang'aa hivyo?

Unarudisha mwanga wa Jua, na wala haurudishi mwingi. Kwa kila mafungu 100 ya mwanga unaoupiga, yanayorudi ni kama 12. Udongo wake una weusi unaokaribia ule wa lami kuukuu. Tunauona mweupe kwa kuwa umesimama juani na nyuma yake ni giza tupu. Pamoja na hayo, mwezi mpevu unaishinda kwa mwanga takriban mara 30,000 nyota ya Sirius, ambayo wasomaji wa Qur'ani wanaijua kwa jina la Shi'ra na ndiyo ing'aayo kuliko nyota zote za usiku. Sirius yenyewe ni kubwa na kali kuliko Jua letu. Kinachoiponza ni kuwa mbali.

Wengi hudhani nusu mwezi hutoa nusu ya mbalamwezi. Hutoa kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya mwezi mpevu. Jua linapoupiga kwa ubavu, kila shimo na kila mlima hutupa kivuli kirefu, na vivuli hivyo hula mwanga. Chukua darubini ya mkono, hata ile ndogo ya kuangalia ndege, uelekeze pale mwanga na giza vinapokutana. Utaona mashimo ya mviringo yamejaa weusi upande mmoja, na hapa na pale nukta nyeupe zikielea ndani ya giza: hivyo ni vilele vya milima vilivyokwisha kupata jua wakati bonde lake bado ni usiku. Mwezi ukiwa mpevu vivuli vyote hutoweka, na kwa darubini unabaki sura bapa inayoumiza macho. Anayewaita wageni kuangalia mwezi usiku wa mwezi mpevu amechagua siku mbaya kuliko zote.

Kipi kikubwa, mwezi au nyota?

Nyota. Mwezi una upana wa kilomita 3,474, zaidi kidogo ya robo ya upana wa Dunia. Jua lina takriban kilomita 1,390,000, na zipo nyota zinazolizidi Jua kwa mamia ya mara.

Mbona mwezi unapotoka baharini ni mkubwa, ukipanda unapungua?

Haupungui. Ubongo ndio unaodanganywa ukiuona karibu na minazi, mapaa au mstari wa bahari. Nyoosha mkono, ufunike mwezi kwa kidole kidogo cha mwisho wakati unatoka, kisha rudia saa 4 usiku: kidole kitaufunika wote mara zote mbili na nafasi itabaki. Kuna tofauti ndogo ya kweli, maana umbali wake hubadilika kati ya kilomita 356,000 na 407,000 hivi, lakini hiyo haitokei ndani ya usiku mmoja.

Kwa nini nyota zinametameta na mwezi umetulia?

Hewa juu yetu haitulii. Ya moto na ya baridi zinapishana na kupindapinda mwanga. Nyota iko mbali kiasi kwamba inatufikia kama kinukta kimoja, kwa hiyo mwanga wake ukisukumwa kidogo tu tunaona imeruka au imebadilika rangi. Mwezi una eneo. Sehemu moja ikitikiswa huku, nyingine hutikiswa kule, na jicho linapata wastani uliotulia.

Ndiyo maana nyota zilizo chini karibu na upeo humetameta zaidi: mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi. Ukiona nyota inabadilika nyekundu, kijani na buluu juu kidogo ya paa la jirani, si ndege wala jini.

Ile nyota kubwa ya jioni isiyometameta ni nyota kweli?

Mara nyingi ni Zuhura, ambayo ni sayari. Sayari ziko katikati ya mambo haya mawili: zimeazima mwanga wa Jua kama mwezi, ila kwa macho zinafanana na nyota. Zuhura ndiyo inayofuata mwezi kwa mng'ao usiku. Huonekana upande wa magharibi baada ya jua kuzama au upande wa mashariki kabla ya jua kuchomoza, na haionekani katikati ya usiku kwetu kwa sababu haiachani sana na Jua. Kitu cheupe kinachong'aa mno saa 6 usiku utosini mara nyingi huwa ni sayari nyingine, Mshtarii.

Na Zuhura hupungua na kujaa kama mwezi. Galileo aliliona hilo kwa darubini yake mwaka 1610. Darubini ndogo ya leo inatosha kuliona umbo lake likiwa kama mwezi mchanga.

## Kutoka, kutua na kubadilika

Kwa nini mwezi huchelewa kila siku?

Kwa sababu unatembea. Huku anga nzima ikionekana kuelekea magharibi, mwezi wenyewe unarudi mashariki taratibu, kiasi cha upana wake kila saa. Kesho Dunia inabidi izunguke zaidi kidogo kuufikia, ndiyo maana unatoka kama dakika 50 baadaye. Kwetu karibu na ikweta ucheleweshaji huu haubadiliki sana mwaka mzima. Ulaya ya kaskazini unaweza kuwa dakika chache au zaidi ya saa nzima kulingana na msimu.

Ukijua umbo, umejua na saa. Mwezi mpevu hutoka jua likizama. Nusu mwezi ya kwanza iko juu utosini magharibi inapoingia, na hutua mnamo saa 6 usiku. Nusu ya pili hutoka saa 6 usiku, na ndiyo unayoiona bado iko angani asubuhi watoto wakienda shule.

Na nyota je, zinachelewa?

Kinyume chake, zinawahi. Kila siku nyota ileile hutoka dakika 4 mapema kuliko jana, ambayo kwa mwezi mmoja ni saa 2. Inayotoka saa 4 usiku leo, baada ya mwezi itatoka saa 2 usiku. Sababu ni kwamba Dunia inalizunguka Jua na kila usiku tunaelekea upande mwingine kidogo wa anga. Baada ya mwaka hesabu inarudi palepale.

Hivyo nyota ni kalenda ya mwaka na mwezi ni kalenda ya siku 29 na nusu. Januari na Februari jioni utaziona nyota tatu zilizojipanga mstari za Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion, karibu kabisa na utosi. Julai na Agosti Jabari hayupo jioni. Aliyechukua nafasi ni Nge, kundi jingine la nyota, na mkia wake umepinda kweli kweli, huhitaji mchoro. Wakulima wetu walishika zaidi Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana. Hutoka jioni Novemba, huzama pamoja na Jua kwenye Mei, kisha huibuka alfajiri Juni. Wazee walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kama utabiri wa hali ya hewa usiutegemee sana. Kama ushahidi kwamba watu walikuwa wakihesabu kutoweka na kurudi kwake, hakuna ushahidi mzuri zaidi.

Kwa nini mwezi hubadilika umbo na nyota hazibadiliki?

Wakati wote nusu ya mwezi iko juani na nusu iko gizani. Unapotuzunguka, tunaiona ile nusu yenye mwanga kwa pembe tofauti: mara kipande, mara yote. Si kivuli cha Dunia kinachoukata, ingawa jibu hilo bado linatolewa madarasani. Kivuli cha Dunia kinahusika siku ya kupatwa tu (tazama swali la mwezi mwekundu). Nyota inawaka pande zote, haina upande wa giza.

Mbona mwezi wetu mchanga umelala kama mtumbwi, na ule wa vitabuni umesimama?

Upande wenye mwanga siku zote unaelekea lilikozama Jua. Hapa kwetu Jua huzama likishuka karibu wima, na mwezi humfuata kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo Jua liko chini yake na mwanga uko chini: ncha mbili zinaangalia juu. London Jua huzama kwa mshazari, basi mwezi nao unapata mwanga ubavuni na kusimama.

Ndiyo maana ile kanuni ya kuangalia kama mwezi umefanana na herufi D au C ili ujue unajaa au unapungua haina maana Nairobi wala Dar es Salaam. Kanuni ya hapa ni rahisi zaidi: ukionekana jioni unajaa, ukionekana alfajiri unapungua.

## Mwanga, maji na ibada

Mwezi ukijaa nyota zinakwenda wapi?

Hazijaondoka. Mbalamwezi inatapakaa hewani na kulifanya anga lote liwe na weupe, nyota hafifu zikamezwa. Usiku wa giza, mbali na taa za mji, jicho linaweza kuona kama nyota 2,000 na zaidi kwa wakati mmoja, pamoja na ile Njia Nyeupe, ukanda hafifu wa nyota nyingi mno unaokatiza anga. Mwezi ukiwa mpevu unabaki na zile kali tu.

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika wanalijua hili kwa mifuko yao. Wanavua kwa taa, zamani karabai na siku hizi za sola au betri, na taa inavuta dagaa pale tu inapokuwa ndiyo mwanga pekee majini. Siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika, nyavu zinashonwa, na sokoni dagaa hupanda bei. Anayetaka kuziona nyota vizuri afuate ratiba ya hao wavuvi.

Nyota nazo huvuta bahari kama mwezi?

Kwa namna yoyote inayopimika, hapana. Nguvu ya kuvuta maji hupungua haraka mno umbali ukiongezeka: kitu kikiwa mbali mara mbili, nguvu hiyo hushuka mara nane. Jua ni nyota na lina uzito usiolinganishika na wa mwezi, lakini kwa umbali wake wa kilomita milioni 150 mchango wake haufiki nusu ya ule wa mwezi. Nyota nyingine zote pamoja hazifui dafu.

Mwezi na Jua vikivuta kwenye mstari mmoja, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tunapata bamvua, yaani maji hujaa na kupwa sana; kwenye nusu mwezi nguvu hizo zinapingana na maji yanakuwa mafu, hayajai wala hayapwi sana. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu hupita mita 3. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, wengi wao kina mama, hupanga kazi kwa siku hizo. Unguja, kupwa kwa bamvua huangukia mnamo saa 4 asubuhi, kwa hiyo wanapata muda mzuri wa kufunga mbegu kwenye kamba maji yakiwa yamekwenda mbali.

Kwa nini mwezi mwandamo huonekana nchi moja na nyingine hauonekani?

Siku ya kwanza mwezi uko karibu mno na Jua angani, ni uzi mwembamba kwenye wekundu wa magharibi, na hutua upesi. Ukiwa na umri wa chini ya saa 15 tangu uwe sambamba na Jua, kuuona kwa macho matupu ni nadra sana. Kila unapokwenda magharibi unazidi kukua kabla ya jua kuzama. Kigoma jua huzama kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, na kwa muda huo mwezi umeshajitenga na Jua kwa theluthi mbili za upana wake. Oman wakaukosa na Moroko wakauona, jioni ileile, si ajabu wala si uongo wa mtu. Kuhusu kufuata mwandamo wa nchi yako au wa popote, hilo ni la masheikh na kadhi. Anga haitoi fatwa.

Nyota ikikaa kando ya mwezi mwandamo ina maana gani?

Ina maana Zuhura, au sayari nyingine, iko upande huo wa anga. Mwezi hupita karibu na kila sayari mara moja katika kila mzunguko wake. Kwa macho wanaonekana majirani, ila Zuhura hata ikiwa karibu kabisa nasi iko mbali zaidi ya mara 90 kuliko mwezi.

## Maswali ya pembeni

Nyota inaweza kuonekana ndani ya pembe za mwezi, kama kwenye bendera?

Haiwezi. Ile sehemu ya katikati si uwazi. Ni mwezi wenyewe uliobaki gizani, na ni mwamba. Jioni za mwanzo utauona hafifu, maana unamulikwa na mwanga uliogonga Dunia ukarudi.

Kinachotokea ni kizuri zaidi. Mara kwa mara mwezi hupita mbele ya nyota, mathalani Antares iliyo kifuani mwa Nge, au Kilimia. Nyota inakaribia ukingo wa giza, inakaribia, kisha inazimika ghafla. Haififii kwanza. Hiyo ni dalili mbili kwa mpigo: mwezi hauna hewa ya maana, na nyota ni kinukta kisicho na upana wa kuonekana. Kwa darubini ya mkono huchukua uvumilivu wa nusu saa, na ukipepesa macho umekosa.

Nyota huanguka?

Kinachoanguka ni kimondo, mara nyingi chembe isiyozidi punje ya mchanga, ikiungua katika hewa kwenye kimo cha kama kilomita 100. Nyota halisi ingefika hapa tusingebaki wa kuuliza. Vipande vikubwa hufika chini kwa nadra. Cha Mbozi, mkoani Songwe, ni pande la chuma lenye tani zaidi ya 10, na unaweza kulipapasa kwa mkono. Hakikutoka kwenye nyota wala kwenye mwezi.

Mwezi ukiwa mwekundu ni sawa na nyota nyekundu?

Hapana. Nyota nyekundu ina rangi yake kwa sababu ya joto: Antares ina takriban nyuzi 3,300 juu ya uso wake, Jua 5,500, na Rigel ya buluu-nyeupe, mguuni mwa Jabari, inapita 11,000. Nyekundu ndiyo ya baridi.

Mwezi huwa mwekundu kwa sababu ya hewa yetu. Unapotoka, vumbi na hewa nzito huchuja buluu. Unapopatwa kikamilifu, mwanga pekee unaoufikia ni ule uliopenya kando kando ya Dunia, yaani wekundu wa machweo na mawio yote ya wakati huo. Tarehe 7 Septemba 2025 ulikaa hivyo kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku, na Afrika Mashariki yote ilikuwa upande unaouona. Kupatwa kwingine kwa kikamilifu kwa saa nzuri ni tarehe 31 Desemba 2028, jioni ya mkesha wa mwaka mpya. Kuangalia kupatwa kwa mwezi hakudhuru macho, tofauti na kupatwa kwa jua.

Mbona picha za waliokwenda mwezini hazina nyota?

Watu 12 walitembea mwezini kati ya 1969 na 1972, na walikuwa huko mchana, juani, wamevaa nguo nyeupe. Kamera ikipangwa kwa mwanga huo haipati nyota. Lakini safari mojawapo, Apollo 16 ya Aprili 1972, ilibeba kamera ya urujuanimno (miale isiyoonekana kwa macho) iliyobuniwa na George Carruthers, mwanasayansi Mmarekani mweusi, na hiyo ilipiga picha za nyota ikiwa juu ya mwezi. Wanaodai safari ilikuwa igizo huwa hawaitaji hiyo.

Kuna nyota zinazotoa mwanga tusiouona?

Zipo, na kisa chake kinaanzia mwezini na kufika Malindi. Juni 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi kutafuta miale ya eksirei kutoka mwezini. Walichokuta ni chanzo kikali kutoka kundi la Nge, mbali kabisa na mwezi. Ili kuendelea, satelaiti ya kwanza ya kazi hiyo tu ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru, na orodha yake ilifikia vyanzo 339. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Simu yangu inaufanya mwezi kuwa taa nyeupe na nyota hazitoki kabisa. Nifanyeje?

Usijaribu vyote katika picha moja. Simu inaona giza na kuongeza mwanga, mwezi ukaungua. Gusa mwezi kwenye skrini, ushushe mwanga kwa kidole mpaka madoa yake yatokee. Picha bora hupatikana wakati wa magharibi, anga likiwa bado na buluu. Kwa nyota chagua usiku usio na mwezi, washa hali ya usiku, egemeza simu kwenye tofali au ukuta, weka kipima muda cha sekunde 3 ili isitikiswe na kidole chako, na uiache ifungue lenzi kwa muda mrefu inavyoruhusu. Ukipata mstari badala ya nukta, simu haijaharibika: Dunia imezunguka, au simu imegongwa na mtoto.